Doa jekundu chini ya gari: namna ya kutambua na kushughulikia oili ya giaboksi inayovuja

Umewasha gari asubuhi, umerudi nyuma kutoka ulipoliegesha, na pale chini pamebaki doa jekundu. Wengi hulitazama, hulifukia kwa mchanga na kuendelea na safari. Gari si linatembea? Litatembea kweli, wiki moja, pengine mwezi. Kisha siku moja unakanyaga mafuta, injini inanguruma na gari haliendi.

Kwa anayeishi kwa gari hilo, awe dereva wa teksi anayedaiwa hesabu ya siku au mwenye Noah ya kubebea abiria, siku hiyo ni msiba. Giaboksi ya otomatiki ni miongoni mwa vifaa ghali zaidi katika gari, na mara nyingi kilichoiua ni mpira mdogo wa duara ambao bei yake hailingani hata kidogo na hasara uliyoisababisha. Katika makala hii tunaeleza namna ya kujua kama kinachovuja ni oili ya giaboksi kweli, inatokea wapi, lini usimamishe gari na lini unaweza kufika kwa fundi, na mambo ya kumuuliza ukifika.

Tumejikita zaidi kwenye magari ya otomatiki, kwa kuwa ndiyo mengi kati ya yale yanayoingia kwetu yakiwa yametumika Japani. Mengi hufika yakiwa na umri wa miaka kadhaa. Hata Kenya, ambayo hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, gari "jipya" machoni pa mnunuzi linaweza kuwa na sili za mpira zilizokwisha kula miaka 7 ya joto na baridi.

Kwa nini oili hii haichezewi?

Katika gari la gia za mkono, oili ya giaboksi kazi yake kubwa ni kulainisha meno ya gia. Katika otomatiki, oili hiyo, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, ina kazi zaidi ya hiyo. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi kupitia konveta, ule mtungi wa chuma ulio katikati ya viwili hivyo. Ndiyo inayosukumwa na pampu kwa shinikizo ili kubana sahani za klachi zilizomo ndani, na hivyo kubadili gia. Na ndiyo inayobeba joto kulitoa nje, katika magari mengi ikipitia kwenye rejeta ya maji.

Oili ikipungua, pampu huanza kuvuta hewa. Shinikizo hushuka, sahani hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinasuguana, zinapata moto na kuungua. Vumbi la sahani zilizoungua huchafua oili iliyobaki na kuziba vijia vyembamba vya ndani. Gari likifikia hapo, kuongeza oili hakurudishi kilichokwisha kuungua.

Jambo moja la kukumbuka daima: injini inaweza kuchoma oili yake kidogo kidogo, lakini giaboksi haichomi. Kiwango kikishuka, ama oili inavuja mahali fulani ama aliyeijaza mara ya mwisho hakuijaza vya kutosha. Kuongeza kila mwezi bila kutafuta inakokwenda ni kuchota maji kwa pakacha.

Je, ni oili ya giaboksi kweli?

Kabla ya kumlaumu mtu au kifaa, hakikisha kwanza ni kitu gani kilichomwagika. Tandika boksi jeupe la karatasi chini ya gari usiku kucha, ukitia alama ya matairi ya mbele yalipo. Asubuhi utaona rangi na utajua tone limeangukia wapi.

Oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu kiwandani ili itambulike. Ikichakaa hugeuka kahawia, na iliyoungua huwa nyeusi yenye harufu ya kitu kilichobabuka. Hata hivyo si zote nyekundu: baadhi ya oili za giaboksi za CVT, zile zisizo na gia za kuhesabika, ni za kijani au samawati.

Oili ya injini huwa na rangi ya asali ikiwa mpya na nyeusi ikiwa imetumika. Oili ya gia za mkono na ya difu ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Mafuta ya breki ni mepesi, ya manjano hafifu, na mara nyingi huonekana karibu na gurudumu. Hayo yakivuja, usiendeshe gari hata kidogo. Maji safi yasiyo na utelezi upande wa abiria, baada ya kuwasha kiyoyozi, ni ya kawaida na hayana neno.

Kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kulanti, yaani maji ya rejeta, kwa kuwa Toyota nyingi hutumia ya rangi nyekundu au ya waridi. Dondosha tone lake kwenye kikombe cha maji. Oili itaelea juu, kulanti itayeyuka na kuchanganyika. Mtego wa pili ni usukani wa pawa, ambao katika magari mengi hutumia oili nyekundu ya aina ileile ya giaboksi. Angalia kikopo chake kwanza. Kama kimepungua, na usukani unalia ukikata kona, tatizo halipo kwenye giaboksi.

Kuisaka inakotokea

Kosa linalofanyika sana gereji ni kuangalia tone linapoangukia na kuhukumu papo hapo. Oili hushuka. Gari likitembea, upepo huisukuma nyuma. Inaweza kutokea juu kwenye bomba, ikateremka ubavuni mwa giaboksi, ikadondokea kwenye kona ya sampu, na sampu isiyo na kosa ikafunguliwa bure.

Njia ya uhakika ni kuosha kwanza. Giaboksi ikiwa imepoa, safisha sehemu yote ya chini kwa dawa ya kuondolea grisi au sabuni na brashi, kisha uikaushe kabisa. Usitumie petroli, kwa sababu mvuke wake karibu na injini yenye moto au taa ya kumulikia unaweza kuwasha gari zima. Baada ya hapo endesha kama dakika 15 au 20, simama, mulika kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa penye unyevu mpya ndipo penye chanzo.

Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililosimamishwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na sili zake nazo huvuja. Weka stendi madhubuti, zuia matairi yaliyobaki chini, na ufanye kazi hiyo kwenye sakafu ngumu, si kwenye mchanga.

Sehemu zinazovuja mara nyingi

Gasketi ya sampu. Sampu ni lile bakuli la chini linalohifadhi oili. Gasketi yake hukauka na umri, au sampu yenyewe hupindika ikigonga jiwe au tuta. Mara nyingine mwenye kosa ni aliyeifunga mwisho: amekaza bolti kupita kiasi hadi midomo ya sampu ikainama.

Bolti ya kumwagia oili. Washa yake hutakiwa kubadilishwa kila inapofunguliwa, lakini wengi huirudisha ileile.

Sili za shafti za magurudumu. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota IST, Vitz na Premio, shafti mbili hutoka kwenye giaboksi, moja kila upande. Kila moja inazungukia ndani ya sili. Ukiona unyevu kwenye shina la shafti, na oili imerushwa kama mviringo pembeni yake, hapo umepata. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, tazama sili ya mkiani, pale propela inapoingia.

Mabomba ya kupozea. Haya hupeleka oili kwenye rejeta na kuirudisha. Vipande vya mpira hupasuka na klipu hulegea. Kwa kuwa oili humo husukumwa na pampu, uvujaji huu huonekana zaidi injini ikiwa inawaka, na unaweza kumaliza oili ndani ya safari moja.

Sili ya konveta. Oili ikidondoka pale injini na giaboksi zinapokutana, chanzo kinaweza kuwa sili hii ya mbele ya giaboksi, au sili ya nyuma ya injini. Rangi ya oili ndiyo itakayoamua. Ni kazi nzito, kwa sababu lazima giaboksi ishushwe.

Tundu la kupumulia. Giaboksi hupumua kupitia kitundu kidogo kilicho juu. Kikizibwa na tope, shinikizo la ndani hutafuta njia na kuisukuma oili kupitia sili zilizo nzima. Oili ikijazwa kupita kiasi nayo hupigwa mpaka ikatoa povu na kufoka kupitia hapo. Hivyo kabla ya kubadili sili ya tatu mfululizo, muulize fundi kama amekiangalia kitundu hicho.

Upo pia uvujaji usioacha doa lolote chini. Kipozea oili kikitoboka ndani ya rejeta, maji na oili huchanganyika. Ukifungua rejeta iliyopoa na kukuta kitu kama maziwa ya rangi ya waridi, au oili ya giaboksi ikiwa na rangi hiyo, usiwashe gari tena. Maji hubandua sahani za klachi, na kila dakika ya kuendesha inaongeza gharama.

Kupima kiwango, kila gari na desturi yake

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu magari hayapimwi kwa njia moja. Kwa Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, endesha kwanza hadi giaboksi ipate moto wa kawaida. Simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono na ukanyage breki ya mguu, pitisha gia zote polepole kutoka P hadi ya mwisho na kurudi P. Injini ikiwa bado inaunguruma, chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, kisha soma alama za moto, si zile za baridi.

Kwa Honda nyingi zenye kijiti ni kinyume: injini hupashwa moto, huzimwa, na kipimo husomwa mara moja, ndani ya dakika moja au moja na nusu. Baadhi ya Subaru za zamani zina vijiti viwili kwenye giaboksi, kimoja cha oili ya otomatiki na kingine cha difu ya mbele, na wapo waliojaza oili ya hiki kwenye nafasi ya kile.

Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kijiti kabisa. Hayo hupimwa kwa kufungua bolti maalumu ya chini injini ikiwa inawaka na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kusoma joto. Akikuambia "nakadiria tu", tafuta mwingine.

Niendelee au nisimame?

Tunagawa hali hii katika ngazi tatu.

Ya kwanza ni jasho. Kuna unyevu na vumbi limeganda, lakini hakuna tone linaloanguka na kiwango hakijashuka. Safisha, pima kila wiki, na panga kurekebisha utakapofanya matengenezo mengine.

Ya pili ni matone. Usiyadharau kwa udogo wake. Tukichukulia kwamba matone 20 hufanya mililita 1, tone moja kila sekunde 10 ni matone 360 kwa saa, yaani mililita 18. Kwa usiku wa saa 12 ni mililita 216, karibu robo lita. Hali ikiendelea hivyo, usiku wa nne umepoteza zaidi ya mililita 850. Hapa pima, ongeza oili sahihi kidogo kidogo hadi kwenye alama, na umfikie fundi ndani ya siku chache. Safari ya mkoani iahirishe.

Ya tatu ni hatari. Oili inachuruzika, au gari linachelewa kushika ukiweka D au R, au injini inapanda mzunguko bila gari kuongeza mwendo, au unasikia mlio wa kuvuma, au harufu ya kuungua. Simama mahali salama na uzime. Oili ikidondokea kwenye ekzosi yenye moto hutoa moshi na inaweza kuwaka. Ukiona moshi, washushe abiria kwanza kabla ya kuinua boneti.

Gari la otomatiki likikwama, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha gari yakiwa chini. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, hakuna oili inayosukumwa ndani, na giaboksi inazunguka kavu. Magurudumu hayo yainuliwe, au gari lipandishwe juu ya lori. Linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lipandishwe lote.

Oili ipi?

Oili nyekundu si zote ni ndugu. Toyota peke yake imetumia T-IV katika magari ya awali na WS katika mengi ya baadaye, na hizo mbili hazibadilishani. Giaboksi za CVT zina oili zake. Ukitia ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT, mkanda wa chuma uliomo ndani huteleza na kujikwangua. Soma kijiti, kitabu cha gari, au maandishi kwenye giaboksi yenyewe. Ukienda dukani Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, taja aina ya oili kwa jina. Kusema "nipe haidroliki" tu hakutoshi. Kagua pia kama kizibo cha kopo hakijafunguliwa.

Ipo ajali nyingine ya gereji ambayo hujificha kama uvujaji. Fundi wa kubadili oili ya injini hufungua kimakosa bolti ya giaboksi, humwaga oili yake yote, kisha hujaza injini juu ya ile iliyokuwemo. Gari hutoka likiwa na injini iliyofurika na giaboksi tupu. Kama tatizo limeanza siku ileile uliyofanya sevisi, pima vyote viwili kabla ya kwenda popote.

Kwa fundi: ya kuuliza na ya kukataa

Mwombe akuonyeshe kwa tochi mahali panapovuja kabla hajafungua chochote. Kama ni sili, muulize kama shafti inayozungukia humo ina mchubuko au inacheza, maana sili mpya juu ya shafti iliyolika itavuja tena. Kama giaboksi inashushwa kwa ajili ya sili ya konveta, badilisha sili ya nyuma ya injini wakati huohuo, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama ni kushusha na kupandisha. Wakati wa kurudisha, konveta lazima iingie hadi mwisho kwenye pampu kabla bolti hazijakazwa. Ikilazimishwa kwa bolti, pampu huvunjika siku hiyohiyo.

Sampu ikifunguliwa, kuwepo hapo kuna faida. Ndani mna sumaku za kunasa chuma. Ute laini wa kijivu juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari mbaya, na ni bora uzijue kabla ya kulipia gasketi. Iliyomwagika ipimwe kwa chombo, ili kinachorudishwa kilingane nayo, kisha kiwango kihakikishwe kwa utaratibu wa gari hilo.

Kataa mambo mawili. La kwanza ni kupakwa silikoni kwa nje juu ya oili. Haishiki, na iliyopakwa nyingi kwa ndani inaweza kukatika na kuziba chujio. La pili ni dawa ya chupa ya kuzuia kuvuja ikiuzwa kama tiba. Baadhi ya dawa hizo hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, hivyo zinaweza kupunguza jasho kwa muda. Haziunganishi bomba lililopasuka wala sampu iliyotoboka.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala kwenye shamba, kwa maana hufika kwenye visima. Iweke kwenye dumu lenye kizibo na uipeleke gereji inayokusanya kwa ajili ya wanunuzi wa oili iliyotumika.

Baada ya matengenezo, kazi haijaisha ulipolipa. Osha sehemu ya chini iwe safi, tandika tena boksi jeupe usiku huo, na pima kiwango baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Boksi likibaki jeupe na kijiti kikisoma palepale, unaweza kuipokea ile safari ya mkoani uliyokuwa umeiahirisha.